Mwongozo kamili: kukusanya slaidi za rangi za zamani bila kuziua wiki ya kwanza

Meseji ninazopata hua zinafanana. Mtu kanunua boksi la slaidi za zamani (vile vipande vya filamu ndani ya fremu, vya kuonyeshea kwa projekta), kazimwaga mezani, kaona vumbi na madoadoa, kaenda kuziosha na maji ya bomba na sabuni kidogo, alafu ananitumia picha ya vidole vyake vimejaa rangi anauliza "kaka, hii inarekebishika?" Hairekebishiki. Wa pili hakuosha kitu, ila kanunua mia tatu kwa mkupuo bila kuangalia na zote zimegeuka nyekundu kama juisi ya rozela. Wa tatu kazipanga vizuri kabisa kwenye albamu, kaweka kabatini hapahapa Dar, masika imepita anafungua anakuta zimeota fangasi.

Mimi kazi yangu ni picha za majaribio. Nachukua slaidi za watu nisiowajua nazikwaruza, nazibandika mbilimbili, nyingine naziunguza kwa kemikali, na ndo mana watu wanadhani sijali zikiharibika. Najali kuliko wao. Slaidi haina negativu. Kile kipande ulichoshika ndo kilikua ndani ya kamera siku ile, kwenye jua lile, na kikipotea hamna studio ya kwenda kuomba wakusafishie nyingine.

Fuata hatua kwa mpangilio. Wengi wanaharibu kwa sababu wanaanza ya 4 kabla ya ya 2.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujanunua hata moja

- Taa bapa ya LED nyeupe, ile ya kuchorea. Tafuta iliyoandikwa CRI (kipimo cha ukweli wa rangi) 95 au zaidi, manake taa ya bei chee inadanganya rangi. Kama huna, tableti yenye skrini nyeupe inasaidia, ila inyanyue slaidi sentimita kadhaa juu ya kioo la sivyo utaona vinukta vya skrini.
- Lupe (kioo kidogo cha kukuzia) ya 8x au 10x. Mbadala ni lenzi ya kawaida ya milimita 50, igeuze uchungulie kwa mbele, inakuza vizuri tu.
- Kipulizia cha mpira na brashi laini ya manyoya. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka hata kama huyaoni. Na zile kopo za hewa ya gesi ukiziinamisha zinatema kimiminika.
- Glavu na maski.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 achana nayo, hiyo iliyobaki ni maji, na maji ndo adui wetu humu.
- Vitambaa visivyotoa nyuzi, pamba za masikio, na fremu tupu za plastiki za milimita 50 kwa 50.
- Mifuko ya kurasa ya plastiki ya polipropilini. Ikinuka kama pazia jipya la bafuni ni PVC, rudisha dukani.
- Boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, silika jeli (punje za kunyonya unyevu), na kipima unyevu kidogo.
- Penseli na daftari.
- Kamera yenye lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu), au skana ya filamu. Hii unaweza kuazima, hivyo vingine nunua vyako.

Hatua ya 1: Tafuta pale zilipo kweli

Huku kwetu slaidi za familia ni chache, watu walipiga negativu kwa sababu walitaka picha ya kuweka ukutani. Zilipo ni kwa walimu wastaafu, misheni, vyuo vya kilimo na vya uganga, na kwa wazungu wanaouza vitu kabla ya kuondoka. Vyuo vya afya vilikua vinafundishia kwa slaidi, kuna seti za TALC ya Uingereza (shirika la vifaa vya kufundishia afya) mpaka leo ziko kwenye makabati hazijaguswa miaka. Hizo lakini zina picha za wagonjwa, watoto kabisa, kwa hiyo mimi sizichukui, na ukipewa usizitoe hadharani.

Mzigo mkubwa uko Ulaya na Marekani. Watalii na wafanyakazi wa miradi walirudi nazo kwao, sasa wanafariki na wajukuu wanauza boksi zima. Ukitafuta kwenye eBay usiandike kwa lugha moja: Wajerumani wanaita Dias, Wafaransa diapositives, Waswidi diabilder. Andika "Dias Ostafrika" uone. Piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla hujabonyeza. Wanaoniuliza kuhusu mashine za eksirei za uwanja wa ndege, tulieni, filamu ikishasafishwa maabara picha ikatoka, eksirei haiifanyi kitu, inayoogopa ni ile ambayo haijasafishwa.

Omba muuzaji akupigie picha slaidi kumi zikiwa kwenye mwanga, kumi za kuokota popote kwenye boksi, asikuchagulie. Akigoma, acha. Mimi sizidishi shilingi 500 kwa slaidi moja mpaka nimeziona.

Hatua ya 2: Soma fremu kabla hujasoma picha

Hapa ndo pesa inapookolewa, kwa hiyo usiharakishe. Fremu inakwambia ni filamu gani, na filamu inakwambia rangi zitakua hai au zimeshakufa.

*Kodachrome.* Ilianza kuuzwa kwa slaidi 1936, Kodak wakaacha kuitengeneza 2009, na maabara ya mwisho kuisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ikaacha kupokea mwisho wa 2010. Jina liko kwenye fremu ya karatasi ngumu. Kama fremu imebadilishwa, ishike uinamishe chini ya tochi: upande mmoja utaona picha imenyanyuka kidogo kama imechongwa. Ikikaa gizani rangi zake ni ngumu ajabu, ya miaka ya 50 unaweza kudhani ya juzi. Ila kwenye projekta inafifia haraka kuliko ndugu zake, hilo likumbuke tukifika kuhifadhi.

*Ektachrome.* Hii ilianza miaka ya 40 na hapa ndo wengi mnaumia. Zile za zamani, kabla ya usafishaji wa maabara unaoitwa E-6 ulioingia katikati ya miaka ya 70, rangi ya sayani imekufa na picha inabaki nyekundu au zambarau. Za E-6 ziko imara zaidi. Anscochrome, filamu nyingine ya slaidi, nayo ni hivyohivyo, inafifia vibaya.

Sasa mimi binafsi wekundu ule naupenda na nanunua makusudi, kwa sababu bahari ikiwa ya waridi na watu wanatembea tu kama hamna kitu, hiyo ni picha ambayo huwezi kuipanga. Lakini nanunua kwa bei ya nyekundu. Ukitaka slaidi zenye rangi za siku ile, usinunue boksi la Ektachrome za 1962 kwa sababu muuzaji kaandika "nadra".

*Tarehe.* Kodak walikua wanagonga mwezi na mwaka kwenye fremu. Hiyo ni tarehe ya kusafishwa, sio ya kupigwa. Ninayo moja ina mti wa Krismasi na imegongwa Machi, jamaa alikaa na filamu ndani ya kamera miezi mitatu. Ukikuta maandishi ya mkono yanakili yote, hata kama huelewi. Kwenye moja yangu imeandikwa kwa kalamu ya bluu "Bagamoyo 8/67" na ndani yake kuna mama kabeba beseni kichwani anaingia majini kuelekea mashua, na chini kabisa kwenye mchanga kivuli cha aliyepiga, kofia na viwiko viwili vimetoka nje. Bila yale maandishi ingekua ni ufukwe wowote tu.

*Ukubwa.* Dirisha la kawaida ni milimita 24 kwa 36. Ukikuta mraba mdogo wa kama 26 hiyo ni ya kamera za Instamatic, na mraba mkubwa wa 40 kwa 40 ni filamu ya 127, ambayo bado inaingia kwenye projekta ya kawaida. Hizi za 40 ukizikuta usiziache.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kuchukua slaidi ishirini, ukazigawa mafungu matatu (hai, zimefifia, zina ugonjwa) kabla hujachungulia picha yenyewe kwa lupe.

Hatua ya 3: Karantini

Boksi jipya lisikae na za zamani. Liweke chumba kingine, vaa maski, fungua, nusa. Ukisikia siki, plastiki ya filamu yenyewe imeanza kuoza na mvuke wake unaharakisha kuoza kwa jirani zake, kwa hiyo hizo zinaskaniwa kwanza na zinakaa peke yake daima.

Alafu zitazame kwa mwanga wa kuinamisha. Fangasi inaonekana kama utando wa buibui au kama mizizi midogo, hasa kwenye mbingu. Zenye fremu za vioo ziangalie mara mbili, kioo kinafungia unyevu ndani na fangasi inakula taratibu huku nje inang'aa.

Wiki mbili zinatosha. Zile zenye fangasi hazirudi kwenye kundi hata zikisafishwa.

Hatua ya 4: Kusafisha, na hapa ndo makaburi yalipo

Slaidi ina pande mbili. Mmoja unang'aa, huo ni plastiki. Mwingine umefifia kidogo, huo ni gelatini iliyobeba rangi. Plastiki inavumilia mengi, gelatini haivumilii kitu.

1. Puliza kwa mpira, slaidi ikiwa imesimama wima ili vumbi lianguke, lisitue tena.

2. Pitisha brashi mara moja, kuelekea upande mmoja. Usisugue kwenda na kurudi, punje moja ya mchanga inachora mstari wa maisha.

3. Simama. Angalia tena. Nane kati ya kumi zangu zinaishia hapa, na zako pia ziishie hapa. Kanukta kadogo utakafuta kwenye kompyuta kwa sekunde mbili, lakini gelatini iliyochubuka haina programu.

4. Kama kuna alama ya kidole au mafuta, lowesha kitambaa kwa isopropili ya 99, kiwe na unyevunyevu tu kisidondoshe, pitisha upande unaong'aa kwanza. Jaribu kwenye slaidi mbovu kabla. Upande wa gelatini gusa tu ikibidi, bila kukandamiza, na kama kitambaa kimepata rangi hata kidogo acha hapohapo.

5. Fangasi: toa filamu kwenye fremu, choma fremu ya karatasi, futa kwa isopropili hiyohiyo, weka fremu mpya. Utando utatoka, mashimo uliyokula hayatarudi.

Marufuku tatu. Maji, kwa sababu fangasi ikishakula gelatini inaifanya iyeyuke kwenye maji. Hii niliijua kwa kuumia: miaka ya mwanzo nilichovya slaidi moja ya sokoni kwenye bakuli, nikaipapasa kwa kidole gumba, na soko zima likateleza likaja kwenye kidole kama ute wa yai, nikabaki nimeshika plastiki safi kabisa. Ya pili ni dawa ya kutoa rangi ya kucha, ina asetoni na asetoni inayeyusha filamu yenyewe. Ya tatu ni jua. Kuanika slaidi dirishani "ife fangasi" ni kuanika rangi zife.

Ikiwa safi, ukiinamisha chini ya tochi unaona upande mmoja kama kioo na mwingine kama karatasi laini, hamna michirizi ya mvuke. Michirizi ikibaki ujue ulilowesha sana.

Hatua ya 5: Skani kila kitu, hata zile mbaya

Skana za bapa za mezani zinatosha kwa kuorodhesha, ila kwa kuchapa kikubwa mimi natumia kamera. Inaenda haraka, slaidi mia kwa jioni moja.

Kamera itazame chini kwenye taa bapa, lenzi ya makro ya 1:1, ISO 100, f/8, RAW, taimaa ya sekunde 2 ili mkono usitikise. Zima taa za chumba. Kuhakikisha kamera iko sawasawa na meza, weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa slaidi, chungulia, usogeze mpaka lenzi ijione yenyewe katikati kabisa. Watu wananunua vifaa vya bei kwa kazi hii na kioo cha poda kinaifanya bure.

Gelatini iangalie kamera, picha itatoka imegeuka kama kwenye kioo, utaigeuza kwenye kompyuta. Ukiwa na wasiwasi tafuta kibao cha duka ndani ya picha: ukitazama kutokea upande unaong'aa, maandishi yanasomeka sawa.

Weupe upime kwenye taa tupu kabla ya slaidi ya kwanza, alafu usiuguse. Kodachrome mara nyingi itatoka ya bluu kidogo na vivuli vizito, kwa hiyo piga mbili, moja ya kawaida na moja yenye mwanga zaidi. Zile nyekundu, kwenye programu fungua chaneli nyekundu peke yake uvute upande wa nyeusi, mana rangi iliyokufa ndo iliyokua inazuia nyekundu. Ngozi za watu zikianza kufanana na watu, acha. Ukitaka kijani cha majani kirudi chote utaua nyuso.

Wenye skana za filamu: ile Digital ICE inayofuta vumbi kwa infraredi izimeni kwa Kodachrome, inaichanganya picha na vumbi na inakula kingo.

Jina la faili liwe namba ya slaidi, na namba hiyohiyo kwa penseli kwenye fremu. Kazi imekwisha pale ukitajiwa namba yoyote unaipata slaidi yenyewe ndani ya dakika moja.

Hatua ya 6: Kuhifadhi kwenye hewa yetu

Vitabu vya Ulaya vinasema kabati lenye baridi na giza. Dar unyevu muda mwingi uko juu ya asilimia 70 na fangasi inaanza kusherehekea ikipita 60, kwa hiyo kabati peke yake ni shamba.

Panga slaidi kwenye kurasa za polipropilini, ishirini kwa ukurasa, zisimamishe ndani ya boksi linalobana pamoja na silika jeli na kipima unyevu. Lenga asilimia 30 hadi 40. Silika ya rangi ya chungwa ni bora kuliko ya bluu, manake ile ya bluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni kama nyuzi 110 masaa mawili, inarudi kazini. Kipimo kikipanda kila wiki, mpira wa mfuniko haubani.

Friji inawezekana kwa za thamani, ila zifungwe mifuko miwili isiyopitisha hewa, na ukizitoa usifungue mpaka zifikie joto la chumba. Ukifungua zikiwa za baridi zinatoa jasho kama chupa ya soda, na tunarudi kwenye maji.

Projekta ni ya sherehe, sio ya kutazamia mkusanyiko. Zile za Kodak Carousel zilianza 1961 zikaacha kutengenezwa 2004, za Marekani zinatumia volti 110, ukichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma utasikia harufu. Onyesha slaidi sekunde chache, usiiache inawaka huku mnaongea.

Hatua ya 7: Sasa chezea

Mkishaskani, na sio kabla. Mimi naanzia kwenye zile zilizotoka nyeusi au zimetikisika, kila boksi linazo nyingi na muuzaji hua anaomba radhi kwa ajili yake, mi namwambia zilete.

*Kukwaruza.* Sindano, lupe, upande wa gelatini. Rangi zimelala tabaka tatu, njano juu, majenta katikati, sayani chini. Kwenye sehemu nyeusi ukikwaruza kidogo inatokea bluu, ukizidisha inakua sayani, ukifika chini ni weupe mtupu. Kwa hiyo unachora kwa uzito wa mkono, hamna rangi unayoongeza. Fanya mazoezi kwenye tano mpaka uweze kubaki kwenye bluu bila kutoboa.

*Kubandika mbili.* Chagua zilizoungua na mwanga, nyepesi, kwa sababu mbili za kawaida zikikutana ni giza tu. Ziweke gelatini kwa gelatini kwenye fremu moja ya plastiki.

*Jiki.* Tone moja kwa brashi, nje, na glavu na miwani, alafu suuza ukiona rangi inakimbia. Usichanganye kabisa na siki wala dawa ya choo, inatoa gesi ya klorini. Mkono wako utataka kuongeza tone la pili kabla la kwanza halijamaliza, subiri.

Kuhusu haki: kununua slaidi ni kununua kile kipande tu, haki ya picha hubaki kwa aliyepiga au warithi wake, na Uingereza kwa kawaida inadumu miaka 70 baada ya kifo chake. Kuchezea nyumbani ni kimoja, kuuza chapisho ni kingine. Na sura ya mtu ambaye huenda bado yuko hai mtaa wa pili, mimi naiacha pembeni au naikwaruza juu yake.

Ukimaliza, andika kwenye fremu kwa penseli "imechezewa" na tarehe, ili atakayelipata boksi lako asije akakesha na pamba anajaribu kufuta mikwaruzo yako.